Charles Ponzi alikuwa nani, na serikali ilimkamata vipi?

Kila tunapozungumza redioni kuhusu zile biashara za kupanda pesa leo na kuvuna maradufu mwezi ujao, jina moja halikosi kutajwa: Ponzi. Benki kuu hulitumia, magazeti hulitumia, mawakili nao hulitumia mahakamani. Wapo wasikilizaji wanaodhani ni jina la kampuni, na wengine wanadhani ni neno tu la Kizungu lenye maana ya utapeli. Hapana. Ni jina la mtu aliyezaliwa na mama yake kama sisi sote, akaoa, akatajirika kwa miezi michache, akafungwa mara kadhaa, akafa maskini.

Tumeona tuandike maisha yake hapa ili uyasome taratibu kwenye simu yako. Na unapoyasoma, shika swali hili moja: kama mchezo wake ulikuwa wizi mtupu tangu siku ya kwanza, kwa nini ilichukua miezi minane serikali kumsimamisha?

Carlo Ponzi alizaliwa tarehe 3 Machi 1882 katika mji wa Lugo, kaskazini mwa Italia. Alisoma kwa muda katika chuo kikuu cha Roma lakini hakumaliza. Starehe zilimzidi nguvu. Mwezi Novemba 1903 alishuka melini Boston, Marekani. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, mfukoni alikuwa amebakiwa na dola mbili na nusu tu, nyingine zote alizipoteza kwenye kamari njiani. Aliosha vyombo hotelini, akapandishwa kuwa mhudumu wa meza, kisha akafukuzwa kwa kuwapunja wateja chenji na kuiba.

Mwaka 1907 alihamia Montreal, Kanada, akaajiriwa katika benki ndogo ya Muitaliano mwenzake, Luigi Zarossi. Hapa ndipo alipoona kitu kilichokaa kichwani mwake. Benki ya Zarossi iliwalipa wateja riba ya asilimia 6 kwenye akiba zao, mara mbili ya zilivyolipa benki nyingine, na kwa sababu hiyo wahamiaji wa Kiitaliano walimiminika. Lakini mikopo ya benki ilikuwa imekwenda vibaya, na riba hiyo ililipwa kwa kuchota amana za wateja wapya. Mwisho wake Zarossi alikimbilia Mexico, na wenye akiba wakabaki mikono mitupu.

Ponzi alibaki Montreal bila kazi. Akaghushi hundi ya dola 423 na senti 58, akakamatwa, akahukumiwa miaka mitatu jela. Inasemekana alimwandikia mama yake kwamba amepata kazi ya msaidizi wa mkuu wa gereza. Alipotoka 1911 akajiingiza katika kuwavusha Waitaliano kinyemela kuingia Marekani, akafungwa tena miaka miwili, safari hii Atlanta.

Kwa haki yake, tuseme na hili: baada ya kifungo hicho, alipokuwa kwenye kambi ya machimbo Alabama, alikubali kukatwa ngozi yake ili apandikizwe muuguzi aliyeungua vibaya kwa mlipuko wa jiko. Nimeliweka hapa kwa sababu wasikilizaji wetu huuliza mara nyingi inakuwaje tapeli awe mtu mwema hivyo kwa majirani. Huwa hivyo. Ukimsubiri mtu mwenye sura ya ukatili utamsubiri sana.

Mwaka 1918, akiwa amerudi Boston, alimwoa Rose Gnecco, binti wa familia ya Kiitaliano. Mwaka uliofuata akafungua ofisi ndogo ya kutafuta biashara hii na ile. Siku moja ikamfikia barua kutoka Hispania, na ndani yake kulikuwa na kipande cha karatasi ambacho hakuwahi kukiona: kuponi ya posta ya kimataifa.

Kuponi hiyo ilikuwa na kazi ya halali kabisa. Ukitaka mtu wa nchi nyingine akujibu barua bila yeye kulipia stempu, unanunua kuponi kwenye posta ya kwenu, unamtumia, naye anaibadilisha kwa stempu kwenye posta ya kwao. Nchi nyingi zilikubaliana utaratibu huu kwenye mkutano wa Roma mwaka 1906. Sasa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fedha ya Italia ilikuwa imeporomoka mno mbele ya dola, na bei ya kuponi haikufuata mporomoko huo. Maana yake, dola moja ikipelekwa Italia ilinunua kuponi nyingi, na zikiletwa Marekani zilitoa stempu za thamani kubwa kuliko dola ile. Ponzi akaona faida, na kwenye karatasi faida hiyo kweli ilikuwepo.

Tatizo ni kwamba kuponi zilitoa stempu, hazikutoa pesa. Ungehitaji kununua mamilioni ya vikaratasi, kuvisafirisha kwa meli, kuvibadilisha dirishani posta, kisha umtafute wa kununua mlima wa stempu. Haikufanyika. Lakini hadithi ilikuwa tamu, na ilikuwa na kiini cha ukweli.

Mwishoni mwa 1919, kwa mtaji wa dola 150 za kukopa, Ponzi alianza kuchukua fedha za watu, na punde akawa na kampuni aliyoiita Securities Exchange Company, yenye ofisi katika nambari 27 School Street, Boston. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kuikumbuka: lete fedha, baada ya siku 45 chukua na nusu yake juu. Zile za siku 90 zilirudi mara mbili. Wakati huo benki zilikuwa zikilipa kama asilimia 5, na hiyo ni kwa mwaka mzima.

Mwezi wa kwanza walikuja watu 18 tu, na jumla ya dola 1,800. Siku zao zilipotimia aliwalipa hadi senti ya mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa matangazo yake. Mtu aliyelipwa alikwenda nyumbani akamwambia shemeji, shemeji akamwambia jirani, na wengi wao hawakuchukua hata hela yenyewe; waliirudisha palepale izae tena. Ponzi akaajiri mawakala na kuwapa asilimia 10 ya kila walicholeta. Wakaja wafanyakazi wa viwandani, wajane, wenye maduka, hata askari wengi wa polisi wa Boston. Kuna waliochukua rehani nyumba zao.

Tuifanye hesabu kwa shilingi ili ikae vizuri. Mtu amekuletea 100,000. Wakala aliyemleta amekata 10,000 yake. Baada ya siku 45 mwenye hela anadai 150,000. Kwa hiyo kila laki moja inayoingia mlangoni inakugharimu laki moja na elfu sitini kuimaliza, na nyuma yako hakuna shamba, hakuna duka, hakuna mashine inayozalisha. Kama hujaigusa hela yake, unahitaji mtu mpya wa kujazia. Kama umeshaila, unahitaji wawili. Na hao nao wana siku zao 45. Idadi ya watu wapya lazima ikue kila mwezi, na watu wa Boston, kama wa kijiji chochote, wana mwisho.

Hapa nitofautishe, maana huwa tunachanganya. Upatu wa akina mama kumi mtaani sio mchezo wa Ponzi. Kwenye upatu mnajuana, kila mmoja anatoa sawa na anapokea sawa, na hakuna anayeahidiwa faida. Faida ndiyo inayobadilisha kila kitu.

Kufikia Julai 1920 fedha zilikuwa zinaingia kwa magunia. Baadaye mahakama ilikuja kuhesabu kwamba ndani ya miezi minane alipokea dola milioni 9 na 582 elfu, na kwa fedha hizo alikuwa ametoa hati za kuahidi kulipa dola milioni 14 na 374 elfu. Alinunua nyumba kubwa Lexington, akamleta mama yake kutoka Italia, akanunua hisa nyingi za benki ya Hanover Trust hadi akawa na sauti ndani yake.

Turudi kwenye swali letu. Serikali ilikuwa wapi?

Ilikuwepo, na maofisa walikwenda kumuuliza maswali zaidi ya mara moja. Lakini jiweke kwenye nafasi yao. Hakuna mwananchi aliyekuja kulalamika. Kila mwenye hati iliyotimia alilipwa kwa wakati. Ponzi aliwakaribisha maofisa kwa tabasamu, na akasema siri ya biashara hawezi kuitoa kwa sababu washindani wataiiba. Tena kisheria hakuwa benki, kwa hiyo Kamishna wa Benki hakuwa na mlango wa moja kwa moja wa kuingilia ofisini kwake. Jimbo la Kansas, jimbo la wakulima, lilikuwa limepitisha tangu 1911 sheria ya kumtaka kila anayeuza hisa au hati za uwekezaji apate kwanza kibali na aonyeshe hesabu zake. Massachusetts, ambako Boston iko, haikuwa bado na sheria ya namna hiyo. Iliipitisha 1921, wakati farasi ameshatoka zizini.

Mambo yakaanza kuharibika kwa mtu mmoja. Muuza samani aliyemkopesha Ponzi samani za ofisi na kumpa fedha za kuanzia, Joseph Daniels, alimfungulia kesi mwanzoni mwa Julai akidai ni mbia na anastahili dola milioni moja. Kesi yenyewe haikuwa na miguu sana, ila iliwafanya watu wajiulize: huyu bwana alikuwa hana hata kiti juzi tu, milioni amezitoa wapi?

Tarehe 24 Julai gazeti la Boston Post lilichapisha habari ya kumsifu. Maelfu wakafurika School Street. Siku mbili tu baadaye gazeti hilohilo likaanza kuuliza maswali. Mwandishi wa masuala ya fedha Clarence Barron alieleza kwamba ili fedha za Ponzi zitoke kwenye kuponi kweli, zingehitajika kuponi milioni 160 duniani. Zilizokuwepo kwenye mzunguko ni kama 27,000. Posta ya Marekani nayo ikasema haijaona mtu yeyote akinunua kuponi kwa wingi, ndani wala nje ya nchi. Sisi wa vyombo vya habari tuisome vizuri aya hii, maana gazeti lilimpa Ponzi wateja kabla ya kuwaokoa.

Siku hiyohiyo ya 26 Julai mwendesha mashtaka wa wilaya alimwita Ponzi, na wakakubaliana asimamishe kupokea fedha mpya hadi hesabu zikaguliwe. Ponzi alikubali haraka, labda akidhani ataonekana mtu safi. Lakini kwa mchezo wa aina hii, kuzuia fedha mpya ni kufunga koromeo. Zinazotoka zinaendelea kutoka, zinazoingia zimekwisha.

Watu walipokuja mbio kudai chao, alilipa. Alipita katikati ya foleni akiwagawia kahawa na maandazi na kuwatuliza kwamba hakuna tatizo. Wengi waliaibika kwa kumtilia shaka, wakakunja hati zao na kurudi nyumbani. Hao ndio waliokuja kulia zaidi.

Nyuma ya kelele hizo, wakaguzi walikuwa kazini. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu alimweka mkaguzi wa hesabu, Edwin Pride. Ponzi alitaka swali liwe moja tu: je, ana fedha za kutosha benki? Na alikuwa na fedha nyingi kweli za kuonyesha. Pride na wenzake walihesabu upande wa pili, yaani hati zilizoko mikononi mwa wananchi: anadaiwa kiasi gani, na lini? Serikali ya jimbo ikatangaza kwamba kila mwenye hati ya Ponzi afike jengo la serikali aandikishe jina na anwani yake. Hapo ndipo deni lilianza kuonekana kwa sura za watu.

Naye Kamishna wa Benki wa jimbo, Joseph Allen, ambaye hakuwa na mamlaka juu ya kampuni ya Ponzi, alitumia mlango aliokuwa nao. Fedha za Ponzi zilikaa katika Hanover Trust, na Hanover Trust ilikuwa benki. Allen aliweka watu wake kuhesabu kila siku hundi zinazolipwa kutoka akaunti hiyo. Tarehe 2 Agosti Boston Post lilichapisha makala ya William McMasters, aliyekuwa msemaji wa Ponzi mwenyewe, akieleza kwamba bosi wake amefilisika na hawezi kulipa madeni yake. Mbio za kutoa fedha zikaanza upya. Tarehe 9 Agosti akaunti ilikuwa imekauka, na Allen akaiamuru benki isilipe hundi nyingine ya Ponzi. Siku hiyohiyo wadai wachache wadogo wakawasilisha mahakamani ombi la kumtangaza muflisi.

Tarehe 11 Agosti gazeti likachapisha picha zake za gerezani Montreal, na Allen akaifunga Hanover Trust. Tarehe 12 Ponzi akajisalimisha. Ukaguzi ulionyesha madeni ya dola milioni 7. Benki sita zilianguka pamoja naye. Boston Post lilipewa tuzo ya Pulitzer 1921 kwa kazi hiyo.

Serikali kuu haikumshtaki kwa kudanganya kuhusu kuponi. Ilimshtaki kwa kutumia posta kutapeli, mashtaka 86, kwa sababu alikuwa akiwatumia wateja barua kuwajulisha kwamba hati zao zimetimia. Tarehe 1 Novemba 1920 alikiri shtaka moja, akapewa miaka mitano. Jimbo la Massachusetts nalo likataka kumshtaki kwa wizi, naye akapinga kwamba mfungwa wa serikali kuu hawezi kuburuzwa mahakama za jimbo. Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwaka 1922. Kesi za jimbo zilikuwa tatu: ya kwanza alijitetea mwenyewe akashinda, ya pili wazee wa baraza hawakukubaliana, ya tatu mwaka 1925 akatiwa hatiani.

Lakini kesi iliyonigusa mimi kuliko zote haikuwa juu yake. Ilikuwa juu ya wateja. Wale waliofanikiwa kuchukua fedha zao kati ya tarehe 2 na 9 Agosti walijiona wajanja. Wafilisi waliopewa kazi ya kukusanya mali ya Ponzi wakawashtaki: rudisheni. Wakajibu kwamba ni hela yao wenyewe, jasho lao, wametapeliwa na wamejirudishia tu. Mahakama za chini zikawaunga mkono. Mwaka 1924 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mkuu William Howard Taft, aliyewahi kuwa rais wa nchi hiyo, ikageuza hukumu. Hoja yake ilikuwa kwamba Ponzi alikuwa muflisi tangu siku ya kwanza, na fedha waliyolipwa haikuwa ile waliyoweka, bali ya mwenzao aliyekuja nyuma. Wote walikuwa wahanga sawa, hivyo wagawane sawa kilichobaki. Walirudisha. Mgawo ulichukua miaka, na waliobaki na hati hawakupata hata nusu ya walichoweka.

Ni uamuzi mchungu kwa mwananchi aliyewahi mapema foleni, naona hivyo hata leo. Lakini ukimuuliza yule aliyekunja hati yake kwa aibu baada ya kupewa andazi, atakwambia ulikuwa wa haki.

Hapa kwetu Tanzania tuliyaona ya DECI. Watu walipanda mbegu na kuvuna, na serikali ilipoingilia 2009 wako walioilaumu serikali badala ya mpandaji, kwa maana waliotangulia walikuwa wamevuna kweli. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Marekani yenyewe ilingoja hadi anguko la masoko la 1929 ndipo ikapitisha sheria ya nchi nzima mwaka 1933, ya kumlazimisha anayeuza uwekezaji aweke hesabu zake hadharani, na mwaka 1934 ikaunda tume ya kuisimamia.

Ponzi hakungoja. Akiwa nje kwa dhamana 1925 alikwenda Florida, akaanza kuuza viwanja na kuahidi asilimia 200 kwa siku 60. Sehemu ya ardhi ilikuwa kinamasi. Akahukumiwa huko pia, akatoroka dhamana, akanyoa kichwa, akafuga sharubu na kupanda meli ya kwenda Italia kama baharia. Akakamatwa New Orleans, akarudishwa Massachusetts, akakaa gerezani hadi 1934. Kwa kuwa hakuwahi kuwa raia wa Marekani, mwezi Oktoba mwaka huo alifukuzwa nchini na kupelekwa Italia. Rose hakumfuata, baadaye waliachana.

Alipata kazi Brazil kwenye shirika la ndege la Italia, hadi vita ilipolifunga. Alibaki Rio de Janeiro, akipungukiwa macho, kisha akapooza. Alifariki tarehe 18 Januari 1949 katika hospitali ya maskini, akiacha dola 75, na hizo zilitumika kumzika.